Usiseme Umefahamu

Mwanangu Khatib,

Assalaam alaykum warahmatullah. Habari za viza, za nguo za mvua na za mtu atakayekupokea kule, baba yako keshakueleza. Bibi yako keshakufungia halua na dawa zake za tumbo. Mimi mchana kutwa sikusema kitu cha maana, na kile kidogo nilichosema nilikisema kwa ukali. Kwa hiyo naandika. Nitaitia barua hii ndani ya begi lako dogo, uisome ukiwa umeshaondoka, wakati ambapo siwezi tena kukunyang'anya nikaichana.

Naogopa, Khatib. Nimetafuta neno la kuanzia lililo zuri zaidi na sikulipata. Siogopi ndege, wala chakula cha Malaysia, wala marafiki wabaya. Naogopa kwamba utakaa darasani, mwalimu atasema kwa Kiingereza cha haraka, atauliza kama mmefahamu, na wewe utatikisa kichwa. Utatikisa kichwa mwezi baada ya mwezi, na siku watakapogundua, watakuwa hawana tena subira na wewe. Naogopa hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi.

Unajua kuwa nilirudi. Kijiji kizima cha Ole kinajua. Ulipokuwa darasa la nne ulikuja nyumbani shati limechanika, kwa sababu mtoto wa jirani alikwambia, "Mama'ko kafukuzwa Uhindi, hata Wahindi wamemshindwa." Ulinitazama ukisubiri nikanushe. Nikakwambia vua shati nilishone. Yakaishia hapo. Hujawahi kusikia ilikuwaje hasa. Si siri. Hakuna aliyeniuliza tu, na mimi sikujua pa kuanzia.

Nilikuwa na umri kama wako. Skuli nilikuwa wa mbele, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha ubaoni. Nilikisoma, nilikiandika kwa mwandiko mzuri, lakini sikuwahi kukisikia kikisemwa na mtu anayekohoa, anayecheka, anayegeuka kufunga dirisha huku anaendelea kusema. Nilikwenda Uhindi kusoma uhasibu. Siku ya kwanza mwalimu alisema kipindi kizima, nami nikawa nashika maneno kama mtu anayeokota karafuu gizani, moja hapa, moja pale, nyingine nikidhani ni karafuu kumbe ni kijiwe. Mwisho akauliza kama kuna asiyefahamu. Nikatazama chini.

Wewe unajua kwa nini, hata kama hujawahi kulifikiria. Tangu madrasa, maalim akimaliza kufundisha unasema, "Nimefahamu, maalim." Ukisema hujafahamu, umemwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba hajui kazi yake. Hivyo nililelewa, na hivyo nikakulea. Kule walimu walikuwa wakiuliza kwa sababu walitaka kujibiwa. Mimi nilidhani wanaaga.

Basi kwa kuwa sikuwa nafahamu nilichosikia, nilifanya kile nilichokijua. Nilihifadhi. Kitabu cha uhasibu nilikifanya kama tulivyofanya juzuu ya Amma madrasa. Naamka alfajiri, nakaa kitandani, nayumba mbele na nyuma, nasoma mstari mpaka ukae, kisha wa pili, kisha narudi wa kwanza. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja na msichana wa kule, Rekha. Siku moja akaniuliza, "Salma, sala zenu ni ndefu namna hii?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kuwa niko kwenye sura ya faida na hasara. Masikini Rekha aliheshimu sana. Kila alfajiri akawa ananyata ili asinisumbue kwenye ibada, nami nikaendelea kuyumba.

Nikwambie jambo jingine la kule ambalo sikulitarajia. Nilidhani nitapungukiwa na lugha tu. Kumbe nilipungukiwa na mimi mwenyewe. Hapa nyumbani bibi yako alikuwa akiniita kasuku, nilikuwa nikiwavunja mbavu watu kwenye kuchambua karafuu. Kule, mpaka nimeshapanga sentensi yangu kichwani, nikaikagua, watu wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine. Wakicheka, nacheka, nimechelewa kidogo, na sijui nimecheka nini. Rekha akaniambia siku moja, "Wewe ni mtu mpole sana." Nilitamani kumwambia kuwa hajakutana na mimi bado. Sikujua kulisema hilo kwa Kiingereza, nikatabasamu kwa upole. Baada ya muda nilianza kuamini kwamba yule mjinga aliyenyamaza ndiye mimi, na yule wa Ole nilimbuni. Jioni kichwa kilikuwa kikiniuma kwa kusikiliza tu. Ukifika na kichwa kikakuuma hivyo, usidhani unaumwa. Ni kazi. Unabeba mzigo ambao wenzako waliozaliwa na lugha hiyo hawaujui.

Mtihani ulipofika, niliandika. Niliandika kama sijawahi kuandika. Kurasa zilitoka kichwani zikifuatana, na nukta zake na mikato yake. Niliandika hata "kama tulivyoona katika sura iliyopita". Niliandika "tazama jadweli lililo hapa chini", na hapa chini hapakuwa na jadweli lolote. Nilitoka mle nimeinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Waliniita mbele ya watu watatu. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye sari ya kijivu. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake na kitabu kiko kando yake, kimefunguliwa. Akaniuliza kama niliingia na kitabu kwenye mtihani. Aliuliza pole pole, nami nikafahamu. Nikainamisha kichwa, nikakunja mikono, kwa sababu watu wazima walioudhika huwatazami machoni. Akauliza tena. Kisha bwana aliyekuwa upande wa kulia akauliza kama nina la kusema. Nikasema, "Naomba radhi."

Hapa kwetu mtu mzima akikasirika unamwomba radhi kwanza, liwe kosa lako au si lako, ndipo mazungumzo yanapoanza. Kule mazungumzo yaliishia hapo. Walitazamana. Mama wa sari akaandika kitu, wala hakuonekana kufurahi kukiandika.

Nimeirudia siku ile kichwani kuliko nilivyokirudia kile kitabu. Ningefungua kinywa nikasema, tajeni ukurasa wowote. Ningewasomea kitabu kizima nimesimama, mpaka wanikataze wao. Aliyeiba hawezi hivyo. Pengine wangecheka, pengine wangeniambia hivyo sivyo mtu anavyojifunza uhasibu, na wangekuwa na haki. Lakini wangejua kuwa sikuiba. Sikusema. Sikujua kuwa naruhusiwa, na Kiingereza cha kujitetea hakikuwemo katika kitabu nilichohifadhi. Walinisimamisha mwaka mzima. Sikurudi tena.

Siku ninafunga sanduku, Rekha alikaa kitandani kwake akinitazama. Nilikuwa nimemweleza yote hatimaye, kwa maneno yangu yaliyovunjika. Hakuwa na hasira na chuo. Alikuwa na hasira na mimi. "Tumelala chumba kimoja," aliniambia, "na mimi somo hilo nalijua. Ningekuwa nakufundisha kila usiku, na wewe umeniacha ninyate." Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, zaidi ya sari ya kijivu. Msaada ulikuwa umelala hatua chache kutoka kitandani kwangu, na mimi nikaudanganya kuwa ninasali.

Na bibi yako. Kila Jumapili nilikuwa nikipiga simu kwenye duka la jirani, naye anakuja kuipokea. "Hujambo? Masomo?" "Sijambo, mama. Masomo mazuri, alhamdulillahi." Jumapili ya mwisho nilimjibu maneno hayo hayo na sanduku limeshafungwa. Nilimwambia nakuja, sikumwambia nakujaje. Akadhani ni likizo. Nilishuka ndege hapa Chake nikamkuta amekuja na mashoga zake, wamevaa kanga za sare. Hakuna aliyenitukana. Walinipokea sanduku, wakaniuliza habari za safari, nikasema nzuri.

Sikuandikii kama mtu aliyepona. Ningependa kukwambia kwamba baada ya hayo nilijifunza, lakini unaniona kila siku ninavyosita mlangoni kabla ya kwenda kazini. Juzi juzi mkubwa wetu alinieleza namna mpya ya kupanga majalada pale masjala. Ni kijana, angeweza kuwa mdogo wangu. Akaniuliza, "Umefahamu, Bi Salma?" Nikasema nimefahamu. Nikatoka nikaenda kumuuliza tarishi, naye hakuwepo nilipoelezwa, akanibunia. Nikapanga kabati zima kinyume. Mkubwa alipoona akashika kiuno. "Kwa nini hukuniuliza?" Nikamwambia, "Nilikuona una kazi." Akasema, "Sasa tuna kazi wote wawili." Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, nimechelewa kidogo.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi tangu ulipopata nafasi hii.

Ulipoitwa kwenye mahojiano ya chuo, mimi ndiye niliyekutayarisha. Niliandika maswali niliyodhani watauliza, nikaandika majibu kwa Kiingereza changu cha masjala, na nikakusomesha kila asubuhi ulipokuwa ukianika karafuu, mpaka ukawa huyakosei. Nilikuyumbisha, Khatib. Nilikufanyia wewe kile nilichojifanyia mimi, na nilikuwa nimekaa pale pale kwenye jamvi nikijisikia mama mzuri.

Siku yenyewe uliiegemeza simu kwenye kopo la maziwa, bibi yako akawakataza majirani kutwanga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Ulijibu vizuri swali la kwanza na la pili. Kisha yule bwana mwenye miwani akakuuliza, ukikwama darasani, ukawa hufahamu somo, utafanya nini? Na wewe ukamjibu, kwa sauti nzuri bila kukwama popote, kwa nini umependa kusomea ufamasia.

Hukujua. Mpaka leo hujui, ndiyo maana nakwambia. Yule bwana alitabasamu, akaandika, akaendelea na swali jingine. Simu ilipokatika bibi yako akapiga vigelegele. "Kamkausha mzungu wa watu."

Ukamwambia, "Bibi, yule si mzungu."

"Basi kamkausha huyo huyo alivyo."

Mkacheka. Nikatoka nyuma ya pazia nikakukumbatia, na sikusema kitu. Ningeweza kusema pale pale. Kulikuwa na miezi ya kutosha, tungeweza kukaa tukaongea Kiingereza kibovu mimi na wewe jikoni, tukakosea, tukachekana. Badala yake nilishukuru kuwa hawakugundua. Una akili, mwanangu, hilo silitilii shaka hata kidogo, na alama zako za kemia hakukuandikia mtu. Lakini unakwenda mahali ambapo watu watakuuliza swali ambalo mama yako hakulitabiri.

Na leo adhuhuri nikafanya jambo la kitoto. Nilichukua pasi yako ya kusafiria nikaifukia ndani ya ndoo ya mchele. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu isiwepo. Baba yako akaitafuta chumba kwa chumba, akaanza kutoa nguo sandukuni, jasho linamtoka, na mimi nimesimama namsaidia kutafuta. Kisha bibi yako akaenda kupima mchele wa mchana. "Salma," aliita, "siku hizi tunapika pasi?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulidhani nimeiweka pale kwa usahaulifu, kwa sababu ya kuchanganyikiwa na safari. Bibi yako hakucheka. Aliipangusa kwa kanga yake, akampa baba yako, akaniambia bila kunitazama, "Ndege itaondoka tu."

Ndipo baada ya alasiri nikakuita. Nilikuwa nimeshika ule mwongozo wa wanafunzi wapya uliotumiwa. Nikakusomea ukurasa mmoja, ule unaoeleza mwanafunzi anavyopaswa kutaja alichokichukua katika vitabu vya watu. Niliuchagua kwa makusudi. Nikakuuliza, umefahamu? Ukasema, "Nimefahamu, mama."

"Haya, n'ambie unasema nini."

Ukatazama chini. Ukakunja mikono. Khatib, niliona kichwa chako kimeinama, na shingo yako, na sikukuona wewe. Nilijiona mimi mbele ya wale watu watatu. Ndiyo sababu nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo nayajutia, nikakuita muongo, nikasema ni bora usiende kuliko kwenda kuaibika, na baba yako akasema kutoka ukumbini, "Salma, mwache mtoto apumue." Sikukuacha. Nikauliza tena, umefahamu au hukufahamu?

Na wewe, uliyelelewa usimjibu mama yako, ulinyanyua kichwa ukanitazama. "Sasa mama, ukiniuliza hivyo mie nijibu nini? Nikisema sijafahamu, utalia."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Ulidhani nimekasirika. Ulimtuma bibi yako aje kuniomba radhi kwa niaba yako, naye alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Kasema kweli. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo na mimi." Halafu akasema jambo ambalo kwa miaka yote hii hakulisema. "Nilikuwa najua, pale kwenye simu. Sauti yako ilikuwa si yako. Nikaogopa kukuuliza, nisije nikasikia."

Miaka yote nimemlaumu yule mwalimu wa haraka, na mama wa sari, na adabu zetu, na madrasa. Wote hao nimewahukumu usiku. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kwanza niliyemwambia "nimefahamu" na hali sikufahamu alikuwa mama yangu, na nilimwambia kwa sababu nilimpenda na nilijua anaogopa. Wewe unafanya hivyo kwangu tangu lini? Tangu lile shati? Nimekaa hapa najaribu kukumbuka mara ngapi umekuja na jambo, ukautazama uso wangu, ukarudi nalo. Mimi nilidhani kazi yangu ni kukutahadharisha na watu wa kule. Kumbe mtu unayemwogopa zaidi kumwambia kuwa umeshindwa ni mimi.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kuogopa. Ningeahidi, lakini wewe ungejua kuwa nadanganya, na barua hii ingekuwa bure. Nimeogopa tangu ulipozaliwa. Nitaogopa ndege ikipaa na nitaogopa ikitua, na simu ikilia saa isiyo ya kawaida nitaacha chochote nilichoshika kianguke. Ndivyo nilivyo. Siwezi kujirekebisha kabla ya kesho asubuhi.

Ninachokuomba ni kimoja, na nakuomba kama mtu aliyepiga magoti. Ukikwama kule, mwambie mtu. Mwambie mwalimu, hata kama utaona unamkosea adabu. Mwambie atakayelala kitanda cha pili. Mwambie kwa Kiingereza kilichovunjika, wala usisubiri sentensi itengemae kichwani, haitatengemaa. Wakikuuliza jambo na wewe huna kosa, usianze kwa kuomba radhi. Watazame. Sema lililotokea.

Na unipigie mimi. Nitakuuliza hujambo, nitakuuliza masomo, kwa sababu mdomo wangu haujui kuanza vingine. Usinijibu mazuri. Sema, mama, leo sijafahamu hata neno moja. Sema, mama, nimefeli. Nami nitalia, Khatib, hilo nakwambia mapema ili lisikushtue. Utanisikia nikilia kwenye simu, na bibi yako nyuma atauliza kuna nini. Usikate simu. Usirudi nyuma ukasema ulikuwa unatania. Ningoje nimalize, kisha endelea pale pale ulipoishia.

Mimi mama yako,
Salma